Ile chupa ya pili ya damu

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyetaka wagonjwa wanaojidunga dawa za kulevya wasubiri mpaka wengine wote wamalizike kuhudumiwa, kwa hoja kwamba maradhi yao wameyatafuta wenyewe. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa zamu ya usiku, mashine ya kuotesha damu ikinguruma nyuma yangu, na nikaona siwezi kunyamaza. Mimi ni mtaalamu wa maabara, upande wa bakteria, kazi niliyoifanya kwa miaka 26. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako.

Nitaanza na kijana mmoja. Ameniruhusu nimsimulie, ilmradi nisimtaje.

Mwanzoni nilimjua kwa fomu tu. Fomu ilisema: homa wiki mbili, kikohozi, maumivu ya kifua, kifua kikuu? Makohozi yake tuliyapima mara tatu na hayakuonyesha kitu. Picha ya eksirei ilikuwa na madoa kwenye mapafu yote mawili, mengine yametoboka katikati, na ndiyo maana kila aliyeitazama aliendelea kuwaza kifua kikuu. Damu yake ililetwa kuoteshwa, ili bakteria kama wamo wakue tuwaone, chupa moja. Siku tano zikapita, nami kwa mkono wangu nikaandika jibu ambalo nimeliandika maelfu ya mara: hakuna kilichoota.

Siku ya sita daktari wa zamu akanipigia simu. "Mama, huyu mtu anatuponyoka. Kweli hamjaona kitu?"

Nikamwuliza chupa ya pili iko wapi. Akaniuliza, ya pili ipi?

Hapa naomba msomaji anifuate polepole. Mtu mzima anayeshukiwa kuwa na maambukizi ndani ya damu, damu yake hutiwa kwenye chupa mbili. Moja ina hewa, kwa ajili ya bakteria wanaoihitaji oksijeni. Nyingine haina hewa hata chembe, kwa ajili ya wale ambao oksijeni kwao ni sumu. Louis Pasteur aliwaeleza viumbe wa namna hii mwaka 1861, na mpaka leo nakutana na watu wa afya wanaoshangaa kusikia kuna kitu hai kinachouawa na hewa. Wamo kwenye fizi zetu, wamo utumboni, wamo kwenye udongo. Wakikaa kwao hawana neno na mtu. Taabu huanza wanapohamishwa.

Chupa yao mara nyingi haitumwi. Hoja ninayoisikia ni kwamba ni nadra kuwakuta kwenye damu, na kweli ni nadra. Mtu anayejidunga akipata maambukizi ya damu, mara nyingi mhusika ni stafilokoka, bakteria wa kwenye ngozi, na huyo huota katika chupa yoyote. Lakini asiyetaka hewa, usipomwekea chupa yake, hataota hata ungoje mwezi. Na kwa kuwa hakuota, tunarudi kusema ni nadra. Nimeuona mzunguko huo kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimeusukuma.

Nilivua koti nikapanda wodini.

Kijana alikuwa ameketi kitandani, kola ya shati ameifunga mpaka juu na jasho linamtiririka. Dada yake alikuwa pembeni. Nilipopiga hodi aligeuka kunitazama, na hapo moyo ukanipasuka: hakugeuza shingo. Aligeuza mwili mzima, mabega na kiuno, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shingo imeanza lini kuuma?"

Akanyamaza, akamtazama dada yake. Yule dada akasema anatoka kidogo, na alipopita karibu nami akanibonyeza mkono. Alikuwa anajua siku zote na hakuna aliyemwuliza.

"Nikikueleza, mama, hutaniandika?"

Nikamwambia nitaandika jambo moja tu, mahali sindano ilipoingia, ili dawa ijulikane. Akafungua vifungo vitatu. Chini ya taya, upande wa kulia, palikuwa pamevimba, na ndani ya uvimbe unagusa kitu kigumu kimelala wima kama kamba iliyokazwa. Mishipa ya mikono ilikwisha kufa zamani, akasema, shingoni ndiko kulikobaki. Nikamwuliza kama bomba la sindano anachangia na wenzake. Hapana, anatumia la kwake peke yake, tena alilisema hilo akiinua uso, maana habari za virusi vya Ukimwi na homa ya ini anazijua vizuri kuliko watu wengi. Kisha akaongeza bila mimi kumwuliza: "Na kabla ya kuchoma nailamba ncha, iwe safi."

Nilidhani sikusikia. Nikamwuliza tena.

Alilamba ncha ya sindano kila mara kwa miaka sita. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia: unailamba kujua kama bado kali, unailamba kuizibua, na ukishaichomoa unalamba na pale damu inapotoka. Alikwisha kulazwa mara mbili kwa majipu, yakapasuliwa, yakafungwa bandeji, akaambiwa aache unga. Hakuna aliyemwuliza anafanyaje, kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba kati ya jino na fizi, hata kwa mtu aliyepiga mswaki asubuhi, bakteria wasiotaka hewa wamejazana.

Tulitoa damu upya. Kuna jambo dogo hapa ambalo napenda wauguzi walisikie: ukitoa damu kwa bomba la kawaida, anza kujaza chupa isiyo na hewa, mililita kama 10, kisha ndiyo ujaze ile nyingine. Hewa iliyomo ndani ya bomba hupanda juu na kungoja mwisho, na ukiisukumia kwenye chupa ile umewaua wale unaowatafuta. Muuguzi aliyekuwa zamu alitafuta mshipa karibu nusu saa, akaupata mguuni. Muda wote huo hakumgombeza mgonjwa hata kwa macho. Alikuwa akimsemesha habari za kawaida tu, akipapasa kwa kidole, anafuta, anapapasa tena. Natamani msomaji wako angekuwepo akamwona.

Chupa yenye hewa ilinyamaza mpaka mwisho. Kwa ile ya pili mashine ililia siku ya tatu, alfajiri, nikiwa peke yangu. Nikachukua tone, nikapaka kioo, nikakitia rangi, nikainama kwenye hadubini. Vijiti vyembamba vya waridi, vimechongoka ncha zote mbili, kama sindano za kushonea zilizomwagika mezani. Fusobakteria, wakazi wa kinywani.

Nilipiga simu wodini palepale. Tukaotesha pia kwenye sahani, ndani ya mtungi uliofungwa kabisa, na pakiti inayomaliza oksijeni, na kile kikaratasi ambacho rangi yake ya buluu hufifia hewa inapokwisha. Mtungi huo haufunguliwi kwa siku mbili. Ukiwa na papara ya kuchungulia umeharibu kazi. Nilipoufungua harufu ilijaa chumba, harufu ya jino bovu, na kuzunguka kidonge kidogo cha metronidazoli nilichokuwa nimekiweka kwenye sahani palikuwa na duara kubwa, safi, pasipo na kitu.

Metronidazoli, Ndugu Mhariri, ni dawa ya kawaida kabisa. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nguvu yake dhidi ya bakteria wasiotaka hewa ilionekana mwaka 1962 kama kwa bahati, mwanamke aliyekuwa akitibiwa ugonjwa wa trikomona alipojikuta amepona na fizi zake. Huyu kijana alikuwa amelala siku kumi na moja akipewa dawa za homa ya mapafu, na ile aliyoihitaji ilikuwa kabatini hatua chache kutoka kitandani kwake. Ilipoongezwa, homa ilishuka siku ya tatu. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha mshipa mkubwa wa shingo umeziba kwa damu iliyoganda na kuoza, na kutoka hapo vipande vilikuwa vikikatika, vinapita moyoni, vinakwama mapafuni. Yale matundu kwenye eksirei yalikuwa usaha.

Daktari Mfaransa, André Lemierre, alieleza hali inayofanana na hii mwaka 1936: wagonjwa 20, kwa kawaida vijana, wanaanza na koo, kisha mshipa wa shingo, kisha mapafu. Wakati huo antibayotiki hazijaenea. Walikufa 18. Kwa wagonjwa wa Lemierre bakteria walitoka kooni wakapenya polepole mpaka kwenye mshipa. Kwa kijana wetu safari hiyo ilifanywa na ncha ya sindano kwa sekunde moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Miaka mingi kabla ya kijana huyu alikuja mwanamke mmoja, mama wa mtoto, kwenye hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo. Alikuja kwa miguu yake. Paja lilikuwa limevimba, maumivu makali, lakini homa hana. Mishipa ilikuwa imemwishia, kwa hiyo alikuwa akijidunga kwenye nyama ya paja. Aliyempokea akaona mtu anayetembea, asiye na homa, mwenye alama za sindano, akamwambia akae kwenye benchi angoje zamu yake. Walipita waliokuja baada yake. Msomaji wako anapendekeza utaratibu uwe huo. Mimi nimeshauona ukifanya kazi.

Damu yake ilipofika kwangu kuhesabiwa, seli nyeupe zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilirudia kipimo nikidhani mashine imekosea. Jioni ikaletwa sampuli ya kidonda: usufi mkavu kwenye kijiti. Bakteria wasiotaka hewa hufa kwenye usufi mkavu kabla hujamaliza kuandika jina la mgonjwa, na mimi nililijua hilo. Nililijua, nikaupokea, nikauotesha kwenye hewa ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwa desturi ya maabara yetu. Kesho yake kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa. Shinikizo la damu liliporomoka wakati bado anaongea. Majibu yangu yalifika baadaye: hakuna kilichoota.

Nilikuja kusoma kuhusu Glasgow, mji wa Uskoti, na kumwona yeye katika kila mstari. Mwaka 2000, kuanzia Aprili, watu waliokuwa wakijidunga heroini huko Uskoti, kisha Ireland na Uingereza, walianza kufa kwa namna moja: uvimbe mahali walipojidunga, homa kidogo au hakuna, seli nyeupe juu kupita kawaida, kisha shinikizo la damu linashuka na halipandi tena. Zaidi ya watu 100 waliugua, zaidi ya 40 walikufa. Mhusika mkuu alikuwa bakteria aitwaye klostridia, aina ya novyi, anayeichukia oksijeni kiasi kwamba hata maabara zilizojiandaa zilitoka jasho kumwotesha. Wengi walikuwa wamejidunga kwenye misuli au chini ya ngozi. Siwezi kuapa kwamba huyu mama aliuawa na klostridia. Ningeweza kujua kama ningepiga simu kuomba kipande cha nyama badala ya usufi.

Klostridia hawatoki mdomoni. Wanakuja na unga wenyewe, kama mbegu kavu zilizojifunga, kutoka kwenye udongo au vumbi au chochote kilichochanganywa njiani. Kuchemsha kwenye kijiko hakuziui. Zinaweza kukaa miaka. Zinachongoja ni mahali pasipo na hewa, na nyama iliyounguzwa ni mahali pazuri sana kwao: unga wa kahawia haumumunyuki bila asidi, asidi ikizidi inaunguza, na pale palipoungua damu haifiki, na oksijeni haifiki. Ukoo huohuo wa klostridia ndio unaoleta pepopunda, na botulisimu ya kidonda, ugonjwa wa kupooza ambao huanza kwa kope kulegea, kuona vitu viwili viwili na ulimi kuwa mzito. Huyo wa kope kulegea akija hospitalini huambiwa amelewa.

Kwa hiyo, wenzangu wa wodini, ombi langu. Mtu anayejidunga akija na homa, au akija bila homa ila ana uvimbe na maumivu yasiyolingana na kinachoonekana, tumeni chupa zote mbili kabla ya dozi ya kwanza ya dawa. Usaha uvuteni kwa bomba, au mtupe kipande cha nyama, mkilete haraka. Usufi mkavu tuulizeni kwanza. Na kwenye fomu andikeni alipojidunga: shingoni, kinenani, kwenye msuli. Neno moja tu. Kinenani maana yake nafikiria bakteria wa utumboni wanaoishi jirani na hapo. Shingoni maana yake nafikiria mdomo. Fomu yenye "homa" peke yake inaniacha gizani, na nikiwa gizani nafanya lile la kawaida.

Kumwuliza mtu kunahitaji dakika tano na sauti ya kawaida. Usimwulize mbele ya ndugu zake. Usianze na "unatumia?" kwa macho makali, kwa sababu jibu ni hapana. Mimi huuliza "sindano ya mwisho ulichoma wapi?", kama ninavyouliza mara ya mwisho amekula saa ngapi, na hujibiwa.

Nawe unayejidunga, au unayekaa na anayejidunga, ukisoma hapa: sikuandikii kukukemea. Usiilambe sindano, wala usilambe kidonda. Kabla ya kuchoma futa ngozi kwa maji na sabuni au spiriti, na ukishachomoa bana kwa kitambaa kisafi. Usitafune kidonge ili ukiyeyushe, na usitumie mate badala ya maji. Asidi tia kidogo kabisa, mpaka unga umumunyuke tu. Usijidunge kwenye nyama, na shingo iache kabisa, hata siku ya arosto kali. Pata chanjo ya pepopunda. Na uvimbe ukianza kukua kwa saa, ukauma kuliko unavyoonekana, ukatoa maji yenye harufu au ngozi ikawa nyeusi, au shingo ikakataa kugeuka, usingoje kesho. Ukifika, taja mahali ulipojidunga hata kama hawajakuuliza. Sema uwekewe chupa mbili. Una haki ya kusema hivyo.

Msomaji wako aliandika kama vile tunaongea juu ya watu wachache wa vichochoroni. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni kwamba watu milioni 14 hivi duniani wanajidunga dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kila mmoja wao kupata mabomba na sindano safi 300 kwa mwaka, na mahali pengi hawapati hata sehemu ndogo ya hizo. Sindano butu iliyotumika mara ishirini ndiyo inayolambwa ili ijulikane kama bado inachoma. Ningependa msomaji huyo alifikirie hilo kabla ya kusema mtu ameutafuta ugonjwa. Yule kijana alikuwa akijaribu kujilinda. Alifanya usafi kwa namna pekee aliyofundishwa, na katika miaka sita ya kupita mbele yetu na majipu yake sisi tuliosomea usafi hatukumpa namna nyingine.

Alikaa wodini wiki sita. Alikubali kuanza methadoni, dawa ya kumwezesha mtu kuacha heroini, akashindwa mara moja, akarudi. Dada yake hunipigia simu. Shingo ina kovu lakini inageuka.

Usiku wa kuamkia leo, barua hii ikiwa nusu, ilishuka damu kutoka mapokezi. Chupa moja, yenye hewa. Fomu: mwanamume, miaka 31, homa. Nikapiga simu. Muuguzi akasema mgonjwa ana majipu mawili mkononi na hataki kuongea na mtu. Nikamwomba avute kiti, akae, amwulize sindano ya mwisho alichoma wapi, na nikamwambia namletea chupa ya pili mimi mwenyewe.

Wako,
Mtaalamu wa maabara
(Jina nimelihifadhi kwa ajili ya wagonjwa wangu)